Ukoo umenichagua nimpe kaka figo, mimi bado sijasema ndiyo

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 21, nasoma chuo hapa Moshi, mwaka wa pili. Kwetu ni Machame. Naomba jina langu lisitajwe, maana hata ndugu zangu wanasoma safu hii.

Kaka yetu mkubwa ana miaka 34. Alikuwa na presha muda mrefu bila kujijua, mpaka alipoanza kuvimba miguu na uso ndipo tukaambiwa figo zote mbili zimeshindwa kazi. Huu ni mwaka wa pili anasafishwa damu kwa mashine, mara tatu kwa wiki, kila mara masaa manne. Mimi humsindikiza Jumamosi. Mkono wake wa kushoto walimuunganisha mishipa kwa ajili ya sindano za mashine. Ukiweka vidole pale unasikia damu inatetemeka chini ya ngozi. Maji anakunywa kwa kupimiwa. Kiu ikimzidi anasukutua mdomo na kutema, na mwanawe wa miaka minne anamuuliza kwa nini anamwaga maji mazuri. Alikuwa fundi seremala, sasa hata randa hawezi kusukuma. Ana mke na watoto wawili.

Krismasi iliyopita wote tulipanda nyumbani, kama ilivyo kawaida yetu, na kikakaa kikao cha ukoo. Baba alishafariki, kwa hiyo baba mdogo ndiye aliyeongoza. Akasema daktari ameshauri kaka apandikizwe figo, na figo nzuri ni ya ndugu wa tumbo moja. Tumezaliwa watatu. Kaka wa pili anapandisha wageni mlimani, akasema bila mwili mzima hana kazi, tena ana mtoto mchanga. Basi macho yote yakanigeukia mimi. Baba mdogo akasema, "Huyu hajaolewa, hana mtoto, damu yake bado changa." Hakuna aliyeniuliza kitu. Kikao kikafungwa kwa sala.

Asubuhi yake, tukiwa wawili nje, baba mdogo akaniambia, "Mwanangu, hosteli nakulipia mimi, na ile ada inayobaki baada ya mkopo nalipa mimi. Sijawahi kukudai. Damu ni nzito kuliko maji." Akaongeza kwamba nikimsaidia kaka, yeye atanisomesha hadi shahada ya pili.

Mama hakusema lolote kikaoni. Usiku tukiwa jikoni akaniambia taratibu, "Nina watoto watatu. Sitaki kuzika wawili." Bibi naye anasema mtu hazikwi kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, akiwa pungufu.

Niliporudi chuoni nikawauliza wenzangu wa hosteli kana kwamba ni mada tu. Karibu wote walisema wangetoa figo kwa ndugu yao bila kufikiri mara mbili. Nilipouliza kama wangekubali viungo vyao vichukuliwe wakishakufa, wengi wakakataa. Mmoja akasema akifa anataka afufuke na macho yake. Mwingine akasema ukijiandikisha kutoa viungo, siku ukipata ajali madaktari watakuacha ufe. Rafiki yangu Mwislamu akasema hana hakika kama dini yake inaruhusu. Kijana mmoja akauliza figo inauzwa shilingi ngapi. Kisha rafiki yangu wa karibu, asiyejua kuwa habari ni yangu, akasema, "Dada anayekataa kumpa kaka yake figo, huyo ana roho ya kichawi." Nililala na maneno hayo.

Shangazi, nampenda kaka, na yeye mwenyewe hajawahi kuniomba. Lakini naogopa. Nikitoa nitaweza kuzaa? Nitaishi miaka mingapi? Nikikataa nitakuwa nimemuua? Na baba mdogo nimwambie nini? Semista inaanza na mimi sisomi, naangalia tu karatasi.

Binti wa Machame

*

Marahaba mwanangu,

Naanza na swali lililokunyima usingizi. Ukikataa hutakuwa umemuua kaka yako. Kaka yako anaumwa figo, ugonjwa ulioletwa na presha ambayo hakuna aliyeipima kwa wakati. Mashine ya kusafisha damu ni mzigo mzito, nimeuona kwa watu ninaowafahamu, lakini inamweka mtu hai, na wapo walioishi nayo miaka mingi. Figo ya kupandikizwa ingempa maisha mapana zaidi: angekunywa maji, pengine angerudi kwenye randa yake. Ni zawadi kubwa kupita nyingi ambazo binadamu anaweza kumpa mwenzake. Na zawadi hiyo inatoka kwa anayetaka kuitoa. Ukoo hauwezi kuitoa kwa niaba yako.

Kilichonishtua katika barua yako ni maneno ya baba mdogo asubuhi ile. Sidhani ana roho mbaya. Naona mzee aliyelemewa na msiba wa mtoto wa kaka yake. Lakini alichokifanya ni vitu viwili kwa mpigo: amekuonyesha ada kama deni, na amekuahidi shahada kama malipo. Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba kiungo cha mwanadamu hakilipiwi kwa fedha wala kwa kitu kingine chenye thamani ya fedha. Kinachoruhusiwa ni kumrudishia mtoaji gharama zake, kama nauli, vipimo na siku za kazi alizopoteza. Kijana wa hosteli aliyeuliza bei mlimshangaa, na swali lake ndilo hilohilo lililokuwa kwenye mdomo wa baba mdogo, ila limevaa koti la familia.

Na kwa nini wewe? "Hajaolewa, hana mtoto." Sababu hiyo haijatoka kwa daktari. Katika nchi nyingi zinazoweka takwimu, wanaotoa figo wakiwa hai wengi ni wanawake, na nikisoma barua kama yako naelewa inavyotokea: kila mwanamume anataja kazi yake na watoto wake, halafu kikao kinabaki kumtazama msichana. Kitaalamu ujana wako si sifa ya moja kwa moja. Madaktari wengi humwogopea mtoaji wa miaka 21 kuliko wa miaka 45, kwa sababu wa miaka 45 ameshaonyesha kama ana presha au kisukari, na wewe bado una miaka sitini mbele ambayo figo moja italazimika kuibeba.

Tena haijulikani hata kama figo yako inamfaa. Kwanza makundi ya damu yaelewane. Kisha kuna alama za kinga ya mwili, ambazo kila mtu hurithi nusu kwa baba na nusu kwa mama. Kati ya ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, nafasi ya kulingana kabisa ni moja katika nne, nafasi ya kulingana nusu ni mbili katika nne, na moja katika nne hawalingani kabisa. Kwa dawa za siku hizi hata asiyelingana sana anaweza kutoa. Kwa hiyo apimwe kaka wa pili, apimwe wifi yako kama yuko tayari, apimwe baba mdogo mwenyewe kama hana presha wala kisukari. Kikao kilichokuchagua kabla ya mtu yeyote kutoa hata tone la damu ya kipimo kiliamua kabla ya wakati.

Sasa mwili wako. Nakupa hesabu bila kuipamba, maana umechoka kutishwa na wengine na kubembelezwa na wengine.

Upasuaji wa kutoa figo siku hizi mara nyingi hufanywa kwa matundu madogo tumboni. Mtoaji hukaa hospitali siku chache, akarudi kwenye shughuli za kawaida baada ya wiki nne hadi sita. Figo inayobaki hukua na kuongeza kazi, hata uwezo wote ukafikia kama asilimia 70 ya ule wa mwanzo, na kwa mtu mwenye afya unatosha. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2010 ulikuta kwamba katika kila watoaji 10,000, wapatao 3 walifariki ndani ya siku 90 za upasuaji. Uliofuata, wa mwaka 2024, ulikuta idadi imeshuka hadi chini ya 1. Ni kidogo sana, lakini si sifuri, na mama yako hakukosea kuogopa.

Hatari ya baadaye ndiyo ninayotaka uisome mara mbili. Utafiti mwingine wa Marekani, wa mwaka 2014, ulikadiria kwamba katika watoaji 10,000, wapatao 90 watapata kushindwa kwa figo katika maisha yao yote, wakati kwa watu wenye afya kama yao ambao hawakutoa ni 14. Kwa Wamarekani weusi ilikuwa kubwa zaidi: kama 75 kwa kila 10,000 ndani ya miaka 15 tu baada ya kutoa. Hesabu hizo ni za Marekani, si za Machame, lakini zinakupa picha. Na kwenu kuna swali moja la ziada: je, ni kweli presha ndiyo iliyoharibu figo za kaka, au figo ziliharibika kwanza ndipo presha ikapanda? Yote mawili hutokea. Kama ni ugonjwa wa kurithi, huenda nawe unao na hujui. Usikubali kusaini chochote kabla daktari hajajibu swali hilo kwa maneno unayoyaelewa.

Kuzaa utazaa. Figo haihusiani na kizazi, na wanawake wengi waliotoa figo wamebeba mimba na kujifungua salama. Ila utafiti wa Canada wa mwaka 2015 ulikuta kwamba shinikizo la damu la mimba, pamoja na kifafa cha mimba kinachonyemelea, lilitokea katika mimba 11 kati ya 100 za wanawake waliotoa, dhidi ya mimba 5 kati ya 100 za wasiotoa. Maana yake, ungehitaji kliniki ya karibu zaidi kila mimba, na mchumba atakayekuja anatakiwa kulijua hilo. Wapo madaktari wanaomshauri msichana azae kwanza ndipo atoe, na mimi naona ni ushauri wa busara.

Wenzako wa hosteli wasikukatishe tamaa. Ni rahisi kutoa figo mdomoni wakati ndugu zako wote ni wazima. Aliyesema habari ya roho ya kichawi hajawahi kukaa Jumamosi kwenye benchi la wodi akisubiri masaa manne yaishe. Wewe umekaa. Mliyokuwa mkiyabishania, lakini, yanastahili majibu, kwa sababu ninyi ndio mtakaokuwa wahasibu, walimu na wabunge wetu.

Hapa Tanzania figo zinazopandikizwa hutoka kwa ndugu walio hai. Muhimbili walifanya upandikizaji wa kwanza Novemba 2017 wakishirikiana na madaktari kutoka India, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018 pamoja na wataalamu wa Japani. Kabla ya hapo wagonjwa wetu walipelekwa India. Kwingine duniani figo nyingi, na mioyo karibu yote, hutoka kwa watu waliofariki. Mwaka 1967 huko Cape Town, Denise Darvall, binti wa miaka 25, aligongwa na gari pamoja na mama yake. Mama alifia palepale, na binti ubongo ukafa. Baba yake, akiwa amepoteza wote wawili kwa siku moja, aliombwa moyo wa mwanawe akakubali. Ndio moyo wa kwanza wa mtu kupandikizwa kwa mtu mwingine, na figo yake moja ikampa uhai mtoto wa miaka 10. Nikifikiri habari ya baba huyo siwezi kumwambia mtu kwamba mwili wa binti yule ulizikwa pungufu.

Hofu ya kuachwa ufe ndiyo iliyofanya ikawekwa kanuni kwamba daktari anayethibitisha kifo asiwe miongoni mwa wanaopandikiza wala wanaomtibu anayesubiri kiungo. Kwa rafiki yako Mwislamu, Baraza la Fiqhi, yaani sheria za dini, la nchi za Kiislamu lililokutana Jeddah mwaka 1988 liliruhusu kutoa kiungo kwa masharti, likakataza kukiuza. Kwa Wakatoliki, Papa Yohane Paulo wa Pili alisifu kutoa viungo katika waraka wake wa mwaka 1995, na mwaka 2000 akasisitiza kwamba lazima mtoaji aelezwe kila kitu na akubali kwa hiari. Kuhusu bibi, usimpinge hadharani. Mwombe mchungaji wenu akae naye. Bibi analinda heshima ya kihamba chenu, na ana haki ya kujibiwa kwa heshima.

Nimeacha kwa makusudi mtu muhimu kuliko wote. Umeandika, "yeye mwenyewe hajawahi kuniomba." Upandikizaji wa figo wa kwanza uliofanikiwa ulifanyika Boston tarehe 23 Desemba 1954, kati ya mapacha wa miaka 23, Ronald na Richard Herrick. Ronald alikuwa mzima, Richard anakufa. Usiku wa kuamkia upasuaji, Richard alimtumia nduguye kikaratasi akimwambia aondoke hapo arudi nyumbani. Ronald akamjibu kwamba yupo na hatoki. Richard aliishi miaka minane zaidi, akaoa, akapata watoto. Ronald akawa mwalimu wa hesabu, akafariki mwaka 2010 akiwa na miaka 79.

Ninachokipenda katika habari hiyo ni kile kikaratasi. Mgonjwa alimfungulia ndugu yake mlango wa kutoka, ndipo ndiyo ya Ronald ikawa yake kweli. Wewe mlango huo hujafunguliwa na mtu. Jumamosi hii, mkiwa wawili kwenye ile mashine, mwambie kaka ukweli: kwamba unampenda, kwamba ukoo umekutaja, kwamba unaogopa na hujaamua. Naamini anajua kuwa kuna jambo. Pengine naye anaogopa usiku kucha kwamba watakuumiza kwa ajili yake, na hana wa kumwambia.

Kisha nenda kwa daktari wa figo peke yako, bila baba mdogo, bila mama. Mwambie kilichosemwa kikaoni na asubuhi yake, pamoja na habari ya ada. Mtoaji anatakiwa aonwe faragha, mbali na ndugu zake, na mtu wa kumtetea yeye, asiyekuwa daktari wa mgonjwa. Muulize nani atafanya kazi hiyo kwako. Unaweza kuanza vipimo na kuacha wakati wowote, hata asubuhi ya upasuaji. Ukiacha, sababu inabaki kati yako na daktari. Kwa familia inatosha kuambiwa kwamba hufai kutoa.

Muulize pia kuhusu upande wa kaka. Figo mpya inataka dawa za kuzuia mwili usiikatae, kila siku maisha yake yote. Akikosa dawa figo hufa, na zawadi yako nayo imekwenda. Kabla mtu yeyote hajapasuliwa, kikao kijue dawa hizo zitalipwa na bima au na nani, mwaka huu na mwaka wa kumi.

Baba mdogo mwambie hivi, mkiwa na mama au mchungaji: "Baba, nimesikia. Kupimwa na kuamua nitafanya na daktari. Naomba na wengine wapimwe. Na ada yangu naomba isiingie katika habari hii, kwa sababu hata hospitali wakijua kuna ahadi watanikataa." Neno hilo la mwisho ni la kweli, na litamfikirisha kuliko machozi.

Ukiamua ndiyo, na mimi nitafurahi kwa ajili ya kaka yako, usiifanye katikati ya semista. Subiri likizo ndefu baada ya mitihani ya Julai, upate zile wiki za kupona, na baadaye upime presha na mkojo kila mwaka bila kukosa. Ukiamua hapana, endelea kumsindikiza Jumamosi.

Wiki hii hii, kabla ya yote hayo, nenda ofisi ya mshauri wa wanafunzi hapo chuoni. Waeleze kwamba anayekulipia hosteli huenda akaacha, uliza kuhusu dirisha la rufaa la Bodi ya Mikopo na kama kuna namna ya kulipa ada kwa awamu. Beba cheti cha kifo cha baba na barua ya mtaa au kijiji. Ukijua masomo yako hayashikiliwi na mtu mmoja, utakwenda kwa daktari ukiwa na akili iliyotulia.

Shangazi